Mgongo wa Sponji, Fundi wa Makochi (1964–2024)

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa pili kati ya watano. Mama alikuwa akisema alilia wiki tatu mfululizo, halafu akanyamaza, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilalamika. Shida zetu zilianzia hapo.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1978. Hesabu alizijua, ila dawati gumu lilimshinda, akalifunga gunia lenye nyasi. Mwalimu alimchapa fimbo nne, halafu akamwagiza amtengenezee na kiti chake.

Mwaka 1980 alianza kujifunza ufundi wa makochi, na 1991 akafungua karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mtaa ukamwita Sponji.

Tarehe 22 Agosti 1992 alimuoa wifi yangu, aliyekuwa amemletea kochi la baba yake alitengeneze. Kazi ilichukua miezi saba. Hakuna kochi la miezi saba; sote tulijua. Wakajaliwa binti na mvulana.

Tarehe 11 Februari 2012, akiteremsha kochi la watu watatu kwenye ngazi za ghorofa, lilimponyoka, naye akakataa kuliachia. Kochi halikupata hata mkwaruzo. Yeye aliumia mgongo, akapasuliwa mara mbili, na maumivu yakabaki. Akapewa vidonge vya morfini. Mwanzoni viwili kwa siku vilimtosha. Miaka ikaenda, mwili ukavizoea, daktari akawa anaongeza, na maumivu bado yanapenya. Akaanza kusinzia kwenye mashine. Siku moja alishona mkono wa shati lake pamoja na mto wa mteja.

Hapo ndipo mimi, mdogo wake ninayewasomea, nilipoingiza mdomo. Septemba 2018 nilimwambia wifi, "Huyu ashakuwa teja wa vidonge." Tukachukua chupa ya dawa, tukaichomeka ndani ya mkono wa kochi lililokuwa pale karakana, tukijiona tunamwokoa. Jioni hiyohiyo mwenye kochi akaja akalichukua.

Kesho yake kaka akaanza miayo, makamasi, jasho, vinyweleo vimemsimama, tumbo linaendesha, miguu inarusha mateke yenyewe. Mtaani wanaita arosto, mwili ukidai dawa uliyoizoea. Sisi tukampa dawa ya mafua. Siku ya tatu nikakiri.

"Binti Mdomo," akasema, meno yanagongana, "umenifichia dawa ndani ya kazi yangu mwenyewe?"

Nilitaka kwenda kulifumua lile kochi. Akakataa: "Wewe utachana kitambaa cha watu." Tukampakia kwenye gari mpaka kwa mwenye kochi. Alifumua mwenyewe, akatoa chupa, na kabla ya kumeza chochote akaurudishia ule mshono. Ndipo akakubali kwenda kliniki.

Nesi alitusema mpaka tukainamisha vichwa. "Mwili kuzoea dawa si uteja. Na hakatishwi mtu ghafla hivi. Ile dozi ya zamani msimpe leo, itamzidi." Akaanzishiwa upya kidogo, kisha kwa miaka miwili wakawa wanampunguzia taratibu, akizidiwa wanasimama kwanza. Maumivu hayakuisha. Alifanya kazi nusu saa, akalala chini nusu saa. Lakini tulimpata tena: miluzi yake, matani yake, macho yake.

Kitu kimoja tu hatukukipata. Tangu siku ile hakumeza kidonge bila shahidi. Alikuwa akikunjua kiganja.

"Kimoja. Umeona?"

"Nimeona, kaka. Si umeze tu!"

"Msije mkasema sikuwaonyesha."

Tulicheka. Sasa natamani ningekishika kile kiganja, nikamwambia basi.

Tarehe 3 Juni 2024 alilazwa kwa nimonia. Tarehe 9 alichomwa sindano ya maumivu, akanivuta mkono.

"Waambie nyumbani ni nesi kanichoma. Mimi sikuomba."

"Kaka, hakuna anayeuliza."

"We waambie tu."

Alifariki siku hiyohiyo, saa nne asubuhi. Basi nawaambia, mbele yenu wote: ni nesi. Hakuomba.

Ameacha mjane, binti, mvulana, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili tuliobaki.

Lala, kaka. Upumzike kwa amani, wewe na huo mgongo.