Bibi Mawe, Aliyekataa Kuzikwa Mchangani

Wasifu huu unasomwa na mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pili. Mjomba mkubwa aliagiza uwe ukurasa mmoja tu kwenye programu. Umekuwa ukurasa mmoja. Ndiyo maana herufi ni ndogo hivyo, wenye miwani wavae.

Kwanza tuelewane. Kwenye misiba huwa tunaambiwa marehemu alikuwa mpole, mkimya, hakuwahi kugombana na mtu. Bibi yetu hakuwa mpole. Hakuwa mkimya. Na aligombana na watu wengi sana, baadhi yao wamekaa hapa mbele wanatikisa kichwa, na wote hao aliwapenda. Kwa hiyo tusimsingizie upole leo kwa sababu hawezi kujibu. Angeweza kujibu, tungekoma.

Bibi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, kwenye kisiwa hiki hiki tunachokikanyaga sasa, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya gati. Baba yake alikuwa mtunza taa ya gati na mama yake mkunga. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Sasa kwa wageni mliokuja na boti ya asubuhi, angalieni chini kwenye miguu yenu. Hiyo siyo sakafu, hicho ni kisiwa. Ni mwamba mtupu kutoka gatini hadi juu shuleni, na ndiyo maana mboga zetu tunapanda kwenye ndoo. Na ndiyo maana, toka enzi na enzi, aliyefariki hapa alipakiwa kwenye boti akapelekwa kuzikwa kisiwa cha mchanga, kile cha chini chini upande wa mashariki, karibu na mdomo wa mto. Kule jembe linaingia bila ubishi. Hakuna aliyewahi kuuliza swali. Wafu kule, walio hai huku, basi.

Mama yake Bibi alifariki mwaka 1957 akazikwa kule mchangani. Kila mwaka Bibi na wadogo zake walivushwa kwenda kupalilia kaburi. Mwaka 1961, Bibi akiwa na miaka kumi na tatu, walifika na majembe yao wakakuta hakuna cha kupalilia. Kaburi halikuwepo. Pale lilipokuwa, palikuwa maji. Watu wazima walilia, wakasema bahari imekuwa na tamaa, wakaanza kujiandaa kurudi. Bibi yeye akazunguka kisiwa chote kwa miguu, akarudi na swali: mbona upande wa pili kuna ufuo mpya, mwaka jana pale tuliogelea? Kisiwa kinakwenda wapi? Mjomba wake akamwambia anyamaze, visiwa haviendi popote.

Hakunyamaza. Yote mtakayosikia kuanzia hapa yametoka kwenye hicho kitendo cha kutonyamaza.

Alisoma shule ya msingi hapa kisiwani, akamaliza mwaka 1962, kisha akavuka kwenda sekondari ya bweni ya wasichana nchi kavu, na mwaka 1969 akaingia chuo kikuu kusoma jiolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi ilivyojiumba. Darasani alikuwa msichana peke yake. Mhadhiri mmoja alimshauri kwa upole abadilishe somo, kwa sababu kazi ya porini haina choo cha wanawake. Bibi akamuuliza, "Kwani cha wanaume kipo?" Somo halikubadilishwa. Alihitimu mwaka 1973.

Huko chuoni ndiko alikojifunza kulamba mawe. Msicheke, ni kazi. Jiwe likilowa linaonyesha rangi yake vizuri, na mate yako hapo mdomoni, hubebi chupa. Matope makavu unayatafuna kidogo: yakikwaruza meno ni mchanga laini, yakiteleza kama siagi ni udongo wa mfinyanzi. Bibi alilamba mawe mpaka uzeeni. Sisi wajukuu tulikuwa tukimletea kokoto kutoka kila safari ya shule, anailamba, anafumba macho, halafu anasema, "Hii imetoka barabarani, mwongo wewe." Na kweli ilikuwa imetoka barabarani.

Mwaka huo huo wa 1973 aliajiriwa idara ya jiolojia mjini, ghorofa ya pili, dirisha linaloangalia gereji. Kitabu cha idara wakati huo kilisema visiwa vyote vya bahari yetu ni volkano. Vyote, kwa pamoja, mistari mitatu, kitabu kikafungwa. Bibi akaomba boti. Kwa misimu kadhaa alizunguka kisiwa kimoja kimoja, akigonga kwa nyundo na kulamba, akarudi na jibu ambalo leo kila mtoto hapa analijua lakini wakati ule lilikuwa matusi.

Alisema visiwa vyetu si ukoo mmoja, ni koo tatu. Vya kaskazini, vile vyeusi vyenye mawe mepesi yaliyojaa matundu, hivyo kweli ni volkano, hakuna ubishi. Vya katikati, pamoja na hiki, ni vilele vya milima ya kale sana. Ardhi ilipasuka mistari miwili, hapo katikati ikashuka chini kama kitanda kilichovunjika chaga, maji yakaja yakajaa. Vilele vikakataa kuzama. Ndiyo maana, ukivitazama ukiwa juu shuleni, vimejipanga mstari kama vifungo vya shati, vinafuata ule mpasuko. Na vya mashariki si mlima wala volkano. Ni mchanga na matope ya mto, vimezaliwa juzi, havina mzizi. Upepo wa kusini unavila upande mmoja, mkondo unavijaza upande wa pili. Kwa hiyo vinatembea. Polepole, kama mtu anayeburuta godoro peke yake, lakini vinatembea.

Kaburi la mama yake halikumezwa na tamaa ya bahari. Kisiwa kilihama, kikaliacha.

Shida ni kwamba idara ilikuwa imeshapitisha zahanati ijengwe kwenye kisiwa cha mchanga, kwa kuwa misingi ni rahisi kuchimba. Mkuu wa idara akamwambia aandike volkano. Akasema haandiki. Akaambiwa afikirie watoto wake. Akasema ndio anaowafikiria, watazaliwa wapi wakati wodi ya wazazi iko majini? Wakamhamishia stoo ya sampuli, chumba cha chini kisicho na dirisha, akae na maboksi ya mawe hadi akili imrudie. Jamani, kumwadhibu Bibi kwa kumfungia na mawe. Alikaa humo miaka sita kwa furaha kabisa. Alifungua kila boksi, akalamba kila kilichomo, na alipotoka alikuwa na ramani ya bahari nzima kwa rangi tatu.

Zahanati ilijengwa. Ukuta wa wodi ya wazazi uliingia majini mwaka 1996, na kwa bahati wagonjwa walikuwa wameshaondolewa. Mngetaka tuseme hapa kwamba Bibi hakuwahi kutamka "niliwaambia". Alitamka. Alitamka kwa mwaka mzima, hata kwa watu wasiohusika, hata kwa muuza nyanya.

Ile ramani ya rangi tatu sasa iko ukutani katika kila shule ya visiwani. Chini yake imeandikwa kwamba imetengenezwa na idara. Idara haijawahi kulamba jiwe. Ramani ni ya Bibi, na leo tunasema hivyo kwa sauti, mbele ya watu wa idara waliokuja na shada. Karibuni sana, na asanteni kwa shada.

Bibi alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na Babu, aliyekuwa fundi wa injini ya ile boti ya idara. Alipopelekwa mara ya kwanza kwa wakwe, akaachwa sebuleni peke yake kidogo, na pale mlangoni palikuwa na jiwe zuri la kuzuia mlango. Mama mkwe anarudi na chai, anamkuta mchumba wa mwanawe ameshika jiwe la mlango analilamba. Mama mkwe aliweka chai, akaenda jikoni, akawaambia dada zake kwamba binti ana mimba, kwa sababu ni nani mwingine anayetamani mawe. Harusi iliyokuwa ya mwaka uliofuata ikafanywa haraka haraka Desemba hiyo hiyo ili kuficha aibu. Mjomba mkubwa alizaliwa mwaka 1979. Mama mkwe alisema maisha yake yote kwamba hiyo ndiyo mimba ndefu kuliko zote alizowahi kuona.

Walijaliwa watoto wanne. Bibi alistaafu mwaka 2008, wakarudi kuishi kwenye ile nyumba ya mawe juu ya gati.

Ugonjwa ulianza mwaka 2015, na ulianza na nini kama si kijiwe kwenye figo. Alipotolewa alimwomba daktari ampe. Daktari alidhani anatania. Kile kijiwe kipo mpaka leo kwenye trei ya dirishani, kati ya kipande cha volkano na kipande cha chumvi, na hapana, hicho hakukilamba, tulimuuliza. Baadaye figo zote mbili zilichoka, na kuanzia mwaka 2022 alikuwa akivushwa kwenda hospitali ya nchi kavu kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, kwenye boti, na bahari ikichafuka alimfundisha nahodha jinsi ya kushika usukani.

Mwezi uliopita, akiwa amelazwa, alituita wote akasema atazikwa hapa, kwenye mwamba. Mjomba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa familia na anabeba mengi, alijaribu kumtuliza.

"Mama, kule hakuna aliyewahi kuchimba kaburi. Ni mwamba mtupu."

"Ndiyo maana nakwenda kule."

"Lakini watu wetu wote wako mchangani."

"Bibi yako yuko mchangani," akasema. "Nenda kanionyeshe alipo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akisikiliza toka mwanzo, akajigeuza atuone vizuri. Halafu Bibi akatoa maelekezo kana kwamba anatuma mtu dukani: juu ya tangi la maji la shule kuna vichaka vimeota mstari mmoja kwenye mwamba mtupu. Kichaka hakioti juu ya jiwe zima. Palipo na mstari wa vichaka pana ufa, na kwenye ufa mwamba umeoza umekuwa laini. Chimbeni hapo.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka sabini na sita, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto, Babu akiwa amemshika mkono.

Mjomba alikuwa amemwahidi, na alitaka kutimiza ahadi, ila akachagua pale tambarare karibu na gati, ili wazee wasipande kilima. Mjomba samahani, lakini ulisema wasifu uwe wa kweli. Vijana walipiga sururu kutwa nzima wakapata cheche na shimo la kutosha sufuria. Ikasemwa basi, tumejaribu, hata yeye ataelewa. Boti ya kwenda mchangani ikaitwa. Wajomba, kina mama, kila mtu alikuwa ameshaanza kukubali.

Mama yangu ndiye aliyekataa. Alivua viatu, akapanda hadi kwenye tangi la shule, akasimama penye mstari wa vichaka akaita, "Mlichimba mlipotaka nyinyi. Sasa njooni mchimbe aliposema yeye." Wachimbaji walipanda wakinung'unika. Sururu ya kwanza iliingia hadi kwenye mpini. Mchimbaji mkuu akaangalia sururu, akatuangalia sisi, akauliza huyu mama alikuwa anafanya kazi gani. Kabla jua halijazama walikuwa wamesimama ndani hadi kifuani, na kuta za shimo ni mwamba safi pande zote mbili.

Tulimrudisha nahodha. Alikasirika kidogo, tukampa chai.

Bibi ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wawili, mdogo wake mmoja wa kike, na trei ya mawe ambayo hakuna ruhusa ya kuigusa. Babu, tunayemtegemea sasa, hana mengi ya kusema leo. Jana alipanda taratibu na fimbo yake hadi pale juu, akachungulia kaburi, akawaambia wachimbaji, "Panueni. Na mimi nimechoka kuvushwa." Kwa hiyo mkiona shimo ni pana, halijakosewa.

Apumzike kwa amani juu ya kilele kilichokataa kuzama. Nanyi mtakaokuja mwakani kupalilia, hakuna kuzunguka kisiwa mkitafuta. Pandeni moja kwa moja. Atakuwa hapo hapo.