Slingi Nyuma ya Kiti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mfunga mizigo wa yadi ya mabomba, ambaye wenzake walimwita Mzee Kata. Alifunga mizigo kwa slingi za waya, zile kamba nene za chuma, kabla kreni haijanyanyua.

Kila asubuhi alipitisha kitambaa juu ya slingi, taratibu, kutoka kitanzi hadi kitanzi. Kitambaa kikinasa, ujue nyuzi za waya zimekatika. Hapo hakuwa na mjadala. Aliikata slingi vipande, akaitupa kwenye vyuma chakavu. "Ikibaki nzima," alisema, "kuna mtu ataionea huruma."

Walimcheka, wasikilizaji. Akipita walishika mikanda ya suruali, eti asije akaikata. Mkewe anasema hata kamba ya kuanikia nguo haikuwa na amani nyumbani. Naye mzee alicheka pamoja nao.

Aliyemtania zaidi ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa kreni. Mzee Kata ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Siku moja shemeji aliona slingi iliyokataliwa ikisubiri kukatwa. Ilikuwa na urefu anaoupenda. Akaificha nyuma ya kiti cha kreni. Alipoulizwa, akasema ameshaikata mwenyewe. Narudia: slingi ilikuwa imekataliwa, na yeye alijua.

Wiki iliyofuata akaitumia kunyanyua mabomba, Mzee Kata akiwa upande wa pili wa yadi. Mzee aliporudi, aliitambua ikiwa hewani. Akanyoosha mkono: simama. Akawafukuza wenzake waliokuwa karibu. Slingi ikakatika. Bomba moja likadunda chini, likabingirika likamfikia mzee, naye hakupona.

"Aliniangalia mimi," shemeji ameniambia, macho sakafuni. "Hakuangalia mzigo. Aliniangalia mimi."

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii ameumia mkuu mwenyewe, na waliokataa kusikia ni wazima. Inatia aibu kulisema redioni. Msibani wafanyakazi wenzake walikaa nyuma kabisa, hakuna aliyethubutu kumsogelea mjane.

Shemeji alijikaza. Akamweleza dada yake yote, hata ule uongo. Kisha akamalizia kwamba ndiyo kazi ya Mungu, haina makosa.

Dada yake alimjibu hivi: "Wewe ni mdogo wangu, sikufukuzi. Kula, lala hapa. Lakini Mungu hakuificha slingi ile. Usimsingizie."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama huyo na wanawe, poleni sana, tunalia pamoja nanyi. Kipindi hiki tumezoea kukifunga kwa kusema Mungu ametwaa. Leo nashindwa. Nasema tu na wewe unayetusikiliza ukiwa kazini. Kama kuna kibovu ulichokificha, zima redio, nenda ukakitoe sasa hivi.