Mama Ngoja na Kufuli la Ukumbi

Wasikilizaji wapendwa, naanza na swali ambalo sina jibu lake. Kwa nini ukumbi uliokataa kufunguka kwa miezi saba kwa ajili ya mwanamke aliye hai, ulifunguka asubuhi moja tu kwa ajili ya jeneza lake?

Nimelala nalo swali hili na nimeamka nalo. Nimekuja nalo hadi hapa studio, na bado sina jibu.

Leo tunamkumbuka fundi wa kushona, aliyefariki dunia Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Wateja walimwita Fundi. Sisi tuliopita mikononi mwake tulimwita Mama Ngoja. Nasema tena, kwa yeyote aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Mama Ngoja, mshonaji wa sare za shule, aliyeongoza kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaa wetu kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa amesomea maigizo mahali popote. Alikuwa na cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa, na tepu ya kupimia iliyokaa shingoni mwake hata siku za mapumziko.

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na minne. Sikufuata maigizo. Shangazi yangu alinipeleka kupimwa sare.

"Unataka shingo ya duara au ya kola?" Fundi aliniuliza.

Nilimtazama shangazi, kama nilivyozoea kila nilipoulizwa jambo.

"Mwekee kola," shangazi akasema.

Fundi alishusha tepu. "Shangazi mtu, ngoja kidogo. Shingo ni yake."

Tukangoja. Cherehani ya pili ilikuwa inakwenda, ikasimama. Shangazi alikohoa mara mbili. Mimi nilitazama vipande vya uzi sakafuni hadi nikavijua kimoja kimoja. Mwishowe nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Duara."

"Haya," akasema, akiandika kwa chaki kwenye ukingo wa meza. "Jumamosi uje ukumbini."

Kazi yangu ya kwanza jukwaani ilikuwa kuwa mlango. Ndiyo, wasikilizaji, mlango. Nilisimama na kipande kikubwa cha boksi kifuani, wenzangu wakinigonga na kupita. Nililalamika kwamba sina hata neno moja. Mama Ngoja alinijibu huku sindano ikiwa mdomoni: "Mlango hauna maneno, lakini mtu haingii mpaka mlango ukubali. Wewe amua nani umfungulie haraka na nani umcheleweshe. Halafu tutaona kama watu hawatakutazama."

Niliamua. Watu walicheka hadi wakapiga viti. Nilirudi nyumbani nikiwa nimerefuka, ingawa kimo changu kilikuwa kilekile.

Sasa nieleze jina lake lilikotoka, maana huko ndiko kuliko kazi yake yote. Katika vikundi vingi, mtu hukaa pembeni ya jukwaa na karatasi, awanong'oneze waigizaji maneno wanapoyasahau. Mama Ngoja alikataa. Kwake, mwigizaji akisahau, hakuna anayemnong'oneza. Kila aliye jukwaani anabaki alipo, anamtazama mwenzake, na anangoja. Ukifungua mdomo kumsaidia, utaisikia sauti yake: "Ngoja! Maneno ni yake, atayapata."

Kulikuwa na msichana ambaye shuleni walimpachika jina la Kimya. Alikuja nalo kwetu, na tukaendelea kumwita hivyo kwa utani, kwa sababu baada ya mwaka mmoja ilikuwa kazi kumnyamazisha. Onyesho lake la kwanza lilijaza ukumbi. Katikati ya onyesho, akasahau. Aliyeigiza baba yake, kijana mrefu tunayemwita Twiga, alibaki ameshika kikombe kitupu karibu na midomo yake. Mtu mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Mrudisheni kwao huyo!" Hakuna aliyesogea jukwaani. Saa ya ukutani ilizunguka dakika nzima. Kisha Kimya akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa mazuri kuliko ya kwenye karatasi.

Mama yake Kimya aliniambia juzi: "Nilidhani mwanangu anazimia. Kumbe anatafuta. Tangu siku ile, mwanangu akinyamaza, simkatizi tena."

Hiyo ndiyo faida ya maigizo, wasikilizaji wapendwa, na naomba isichanganywe na mapambo ya hotuba. Kijana hajiamini kwa sababu ameambiwa ajiamini. Anajiamini kwa sababu aliwahi kukwama mbele ya watu mia mbili, hakuna aliyemwokoa, hakuna aliyemfukuza, na akatoka mwenyewe.

Lakini kijana anayejiamini ana tabia moja. Anauliza.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wakazi uliofanyika katika ukumbi uleule, Kimya alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisimama, akamsalimia mwenyekiti wa kamati ya ukumbi kwa heshima zote, akauliza: "Choo cha wasichana kimefungwa tangu mwaka juzi. Kitafunguliwa lini?" Mwenyekiti akasema swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Kimya akabaki amesimama. Hakupaza sauti. Alingoja jibu, kama alivyofundishwa kungoja. Wakazi wakaanza kugeuza viti kumtazama mwenyekiti.

Jumamosi iliyofuata tulikuta kufuli jipya mlangoni.

Kwanza tuliambiwa ni ukarabati. Hatukuona fundi wala ndoo ya rangi. Kisha tukaambiwa ni kelele. Kisha tukaambiwa tungoje kikao. Kila Ijumaa Mama Ngoja alifunga chumba chake cha kushonea mapema, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kuomba ufunguo. Kila Ijumaa, kwa miezi saba. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimsindikiza mara moja tu, akaapa harudi tena.

"Yule bwana hata kiti hakumpa," binti aliniambia. "Akasema, 'Mama, watoto wako wamezoea kujibu wakubwa. Wafundishe adabu kwanza.' Mama akamwambia, 'Mtoto hakukujibu, alikuuliza. Wewe ndiye hukujibu.' Nikamvuta mkono tuondoke. Najuta. Ningemwacha amalize."

Kwa hiyo mazoezi yalihamia katika chumba cha kushonea. Vijana kumi na wawili katikati ya cherehani mbili na rundo la sketi. Twiga alikuwa anaigizia dirishani, nusu yake ikiwa nje. "Twiga, ingiza shingo, unanizibia mwanga!" Mama Ngoja alimkemea. Mfalme wa mchezo wetu mpya alishonewa joho la marinda yaliyobaki kwenye sketi za shule. Tulicheka sana humo ndani, sitaki kudanganya. Lakini hakuna aliyeona mchezo ule. Haukuwa na mahali pa kuonyeshwa.

Jumatatu ile asubuhi binti yake alimpelekea chai. "Nilimkuta ameinamia cherehani," anasema. "Nilidhani anatunga uzi. Nikamwambia, mama, miwani yako hii hapa." Daktari alisema ni moyo. Chini ya sindano kulikuwa na joho la mfalme, ukingo mmoja bado haujakunjwa.

Sisemi kwamba kufuli lilimuua. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nimefundishwa kutosema nisichoweza kukithibitisha. Nasema alikufa kufuli likiwa limefungwa. Hilo naweza kulithibitisha.

Na Jumatano likafunguliwa. Kamati ilisema ni heshima kwa marehemu. Viti vilipangwa, sakafu ilidekiwa, na jeneza likawekwa mbele ya jukwaa lake. Kimya alipewa dakika mbili kuzungumza kwa niaba ya kikundi. Alipanda na karatasi, akaitazama, akaikunja. Akafungua mdomo. Maneno hayakutoka.

Sisi tukafanya tulichofundishwa. Tukangoja.

Zilipita sekunde kumi, pengine kumi na tano. Mwongoza ratiba akamwendea, akakichukua kipaza sauti mkononi mwake. "Mtoto amezidiwa na majonzi, tumwelewe," akasema, akamkabidhi mwenyekiti. Kimya hakuwa amezidiwa. Alikuwa anatafuta. Na mwenyekiti yuleyule, mwenye ufunguo mfukoni, akasimama karibu na jeneza kwa dakika ishirini na tano. Alisema, nanukuu: "Mama huyu ametuachia vijana wanaojiamini." Kimya alikuwa bado amesimama nyuma yake, karatasi mkononi. Kufikia saa saba mchana ukumbi ulikuwa umefungwa tena.

Hasira niliyonayo kwa watu wale naifahamu. Hasira niliyonayo kwangu mwenyewe ilinichukua siku kadhaa kuielewa. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilimwona mwongoza ratiba akinyanyuka. Nilingoja.

Tulipotoka makaburini, mdogo wake Mama Ngoja, fundi bomba, mtu asiyefunga breki za ulimi, alitujia juu. "Mkakaa! Kumi na mmoja wazima mkakaa kama mitungi, mwenzenu ananyang'anywa!"

Nikamjibu, "Mjomba, tulikuwa tunamngoja. Ndivyo alivyotufundisha."

Binti wa Mama Ngoja ndiye aliyenigeukia. Hakuwa amekasirika, na hilo liliniuma zaidi. "Dada, mlijua mama alikuwa anakaa wapi siku za maonyesho?"

Nikasema hapana. Jukwaani taa zinakupiga machoni, huoni kitu.

"Kwenye ngazi za jukwaa," akasema. "Mgongo kwenu, uso kwa watu. Siku ile Kimya aliposahau na yule mtu akapiga kelele, mama aliinuka, akapita katikati ya viti, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Yule mtu akakaa, akavua na kofia. Nyinyi mliona mwenzenu anangojwa. Hamkuona kwamba kuna mtu aliyekuwa anazuia watu ili mwenzenu angojwe."

Wasikilizaji wapendwa, miaka yangu yote katika kikundi kile nilijifunza nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo niliyoipeleka msibani.

Tulimwalika mwenyekiti wa kamati aje leo aeleze upande wake. Alitujibu kwa simu kwamba tungoje hadi kikao kijacho.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, kwa wajukuu wawili waliolala chini ya meza ya kukatia vitambaa huku sisi tukipiga kelele juu yao: pokeeni pole zetu. Mlituazima mama yenu kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, na hatukuwahi kuwashukuru vya kutosha. Mungu awatie nguvu.

Kwenu mnaotusikiliza, mnaopenda kusema mnataka vijana wanaojiamini, jiulizeni jambo moja kwa ukweli. Siku kijana huyo atakaposimama mbele yenu na kuuliza swali msilolipenda, mtakaa upande gani? Kwenye ngazi, mkimlinda? Au mtakuwa na ufunguo mfukoni? Nilianza na swali kuhusu ukumbi na jeneza. Jibu nililolipata nikiwa nazungumza nanyi ni hili, na silipendi: jeneza haliulizi kuhusu choo cha wasichana.

Sasa nasema na kamati ya ukumbi, na nasema mbele ya mashahidi wote wenye redio. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kikundi cha Mama Ngoja kitaigiza mchezo wake wa mwisho. Mlango ukiwa wazi, tutaigizia ndani. Ukiwa umefungwa, tutaigizia mbele ya mlango. Joho la mfalme limemalizwa, binti yake ndiye aliyekunja ukingo. Kabla ya mchezo, Kimya atazungumza yale aliyokuja kuyazungumza msibani. Akisahau, kikundi kitangoja, na ninyi mtangoja. Mimi nitaketi kwenye ngazi, mgongo kwake na uso kwenu, na hakuna mtu atakayenipita kwenda kukigusa kipaza sauti kile mpaka yeye mwenyewe aseme amemaliza.