Mwalimu Aliyeketi Kimya na Eva

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu, wazazi wenzangu wa Endabash, na zaidi ya wote wewe, Mwalimu Nanyokie, unayestaafu leo: nawasalimu kwa heshima. Mimi ni Josephati, mkulima wa maharage, baba yake Eva.

Mnamkumbuka Eva wa darasa la pili? Hakuamkia mtu. Kengele ikigongwa, alijificha chini ya dawati. Siku mwenzake aliposogeza penseli zake, alimng'ata mkono, nanyi wazazi mkaandika barua kwamba aondolewe. Siwalaumu, maana mimi nilifanya vibaya zaidi. Krismasi ile, alipokataa kumpa babu yake mkono, nilimchapa mbele ya wageni. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, na tangu hapo hakusema na yeyote nyumbani.

Ndipo Mwalimu akaja. Nilidhani ameleta barua ya kumfukuza. Alimkuta Eva nyuma ya nyumba, akitazama ukungu ukishuka kutoka msituni, akaketi hatua chache kando yake, shuka yake ikilowa umande. Wakakaa hivyo asubuhi nzima bila neno, weupe ukiwazunguka hata nikashindwa kujua nyasi zinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Kisha miti ikaanza kutokea mmoja mmoja, polepole, kama inayokumbukwa.

"Kumi na saba," Eva akasema.

"Mimi nimehesabu kumi na sita."

"Mmoja uko nyuma ya mwenzake."

Nilikuwa mlangoni. Wiki tano sikuwa nimeisikia sauti ya mwanangu.

Ukaniambia, Mwalimu: "Baba Eva, huyu hana kiburi. Dunia inamfikia kwa kelele nyingi mno. Mpelekeni kwa daktari, ila msitafute dawa ya kumgeuza awe mtoto mwingine."

Daktari wa Moshi akatupa jina la hali yake: Asperger, jamii ya usonji. Lakini ni wewe uliyetufundisha kuishi nalo. Ulimwonyesha Eva jinsi watoto wa kwenu Nainokanoka wanavyowaamkia wakubwa kwa kuinamisha kichwa badala ya kutoa mkono. Siku alipomwinamia babu yake mzee Tluway, mzee aliusimamisha mkono juu ya nywele za Eva, bila kuzigusa, akasema taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Nami nikamwomba mtoto msamaha. Akaniuliza, "Utanichapa tena?" Nikasema, "Sitakuchapa." "Basi imekwisha." Kwake imekwisha, kwangu bado.

Nawe ukasimama mbele ya kamati, ukaomba muhula mmoja tu wa majaribio. Muhula ule ulizaa miaka mitano, hadi akamaliza darasa la saba, na leo Eva yuko kidato cha pili.

Asubuhi ya leo nilimuuliza, "Utamwambia nini Mwalimu?"

"Nitamwomba niende kukaa kwake likizo."

"Siku ngapi?"

Akafikiri sana. "Mpaka anichoke. Lakini aseme akichoka, kwa sababu mimi sitajua."

Mwalimu, hajawahi kuomba kukaa na mtu yeyote. Ukikubali, mama yake ataanza kumfungashia nguo leo hii.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana.