Bi Oleta na Sanduku la Nyimbo za Mwisho

Baada ya miaka arobaini na mmoja mbele ya maikrofoni, Bi Oleta Stidham anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Ni mtangazaji pekee aliyebaki Redio Laurel Gap tangu enzi za santuri.

Redio hii ilianzishwa mwaka 1953 na ndugu wawili wachimbaji wa makaa ya mawe, juu ya duka la mbegu. Walikuwa na mnara mmoja, santuri sitini, na imani kwamba watu wa mabonde haya ya Kentucky walistahili kusikia fidla na banjo zao wenyewe hewani. Oleta aliajiriwa mwaka 1984 kupokea simu. Wiki ya tatu mtangazaji wa adhuhuri alikauka sauti, naye akakalia kiti ambacho hajakiachia hadi leo.

Kila siku saa sita husoma majina ya waliofariki, kanisa na saa ya maziko, kisha humpigia kila marehemu wimbo mmoja wa kantri. Wataalamu wa utangazaji huuita huo ushamba. Hawajawahi kuona malori ya makaa yakiegeshwa kando ya barabara adhuhuri, madereva wamevua kofia, injini zimezimwa, bonde zima likisikiliza jina la mtu mmoja. Mimi nimeona mara nyingi.

Mwaka 1987 alimtangaza Hobart Tackett wa bonde la Caney kuwa amefariki. Aliyefariki alikuwa binamu yake wa bonde la pili, mwenye jina lilelile. Haikupita saa moja, marehemu akawa mlangoni mwa redio.

"Bi Oleta, kufa si neno," alisema. "Lakini kunipigia ule wimbo wa garimoshi? Wewe unayenijua tangu utotoni?"

"Basi nitajie wako, nisije nikakukosea siku yenyewe."

Akautaja, naye akauandika kwenye kadi, akaitia katika sanduku la bati. Kesho yake walikuja watu sita wakitaka kadi zao. Leo sanduku lile lina kadi zaidi ya elfu nne. Hobart alifariki kweli mwaka 2003, na wimbo wake ulipigwa wote, hadi mlio wa mwisho wa fidla. Nimesoma historia za redio kubwa za nchi hii, na sijaona hazina inayofikia sanduku hilo la bati.

Mwezi Machi kampuni iliyotununua iliandika kwamba kipindi kitazikwa siku Bi Oleta atakapostaafu. Adhuhuri yetu ingejazwa na kompyuta iliyoko mji wa mbali, isiyomjua Hobart wala binamu yake. Niliwajibu kwa barua tatu, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Hazikusaidia kitu. Bi Oleta hakuandika barua. Alimwalika meneja wa kanda, Bwana Lindqvist, akamlisha maharagwe na mkate wa mahindi, kisha akamketisha studio.

Siku hiyo kulikuwa na majina manne. Wimbo wa nne ukiendelea, alimsogezea kadi tupu.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo, Bi Oleta. Ana miaka themanini na mitatu."

"Anapenda wimbo gani?"

Bwana Lindqvist aliitazama kadi. "Sijui."

"Haya, mwanangu, simu hiyo hapo. Mimi naenda kutafuta kahawa."

Alizungumza na mama yake dakika ishirini na tano. Wiki iliyofuata ikaja barua ya mistari miwili: kipindi kinaendelea. Kadi ya mama huyo, anayeishi Nebraska na hajatusikia hata siku moja, imo sandukuni.

Jumatatu nitakalia kile kiti mimi. Nilipokuwa nikikabidhiwa sanduku niliitafuta kadi ya Bi Oleta mwenyewe. Ipo. Ina nyimbo kumi na moja, zote zimekatwa kwa kalamu, na chini yake ameandika: "Bado naamua. Msiniharakishe."

Hatukuharakishi, Bi Oleta. Asante kwa kila jina ulilolitamka kana kwamba ndilo pekee duniani. Pumzika vizuri, ufungulie redio saa sita, nasi tukikosea utupigie simu. Wimbo wa kumi na mbili uchelewe sana kupatikana.

Lowell Prater, chumba cha habari