Kupe ni Mambo ya Ng'ombe

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Liko kati ya kibanda cha kinyozi na jiko la muuza kahawa, na chini yake hulala mbwa asiye na mwenyewe, aliyeruka kutoka kwenye lori la mifugo mwezi wa juzi akaona hapa panamfaa. Asubuhi hiyo kinyozi, anayeitwa Daktari kwa sababu tu koti lake la kazi ni jeupe, alikuwa na homa siku ya tano. Kiunoni, chini ya mkanda, alikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama mtu aliyezimiwa sigara. Hakumwambia yeyote. Angesemaje, na wiki mbili nzima alishatangaza, kidole juu, kwamba kupe ni mambo ya ng'ombe?

Zahanati ndiyo iliyoanza. Ilibandika karatasi kwamba kuna homa ngeni mtaani, vipimo vya malaria havioni kitu, na wanaoshukiwa ni kupe. Kijiwe kikakataa kwa kauli moja, kisha kikaanza kugombania chanzo chenyewe.

Daktari alishikilia kwamba homa hujificha kwenye nywele, hivyo dawa ni kunyoa. Bei Poa, muuza mitumba, akalaumu makoti ya wauzaji wenzake: yametoka nchi za barafu, na baridi ya huko bado imo mifukoni. Breki, fundi baiskeli aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna, akasema ni pikipiki. Ule mtetemo unaisukasuka damu mpaka inagandia miguuni.

— Mimi sijapanda pikipiki mwaka huu, na homa… Daktari akakohoa. — Na homa sina.

— Mbona unatetemeka?

— Nacheka kwa ndani. Wewe mwenyewe, mtu wa kaptura, leo suruali ndefu na joto hili?

Breki akanywa kahawa. Bei Poa, aliyekuwa amekalia tako moja tangu asubuhi, akahamia lilelile.

Hapo akafika dada wa maabara ya zahanati, akiburuta kitambaa cheupe kwenye majani ya kando ya mtaro. Walishamwona mara nyingi, wakakubaliana kwamba ana shuka lisilokauka. Akawaamkia, wakaitikia. Akaeleza kwamba kitambaa kile ni cha kunasa kupe. Miezi miwili amewapata tele, ila mgonjwa mwenye kidonda cha kupima hajampata hata mmoja, maana watu wanameza dawa za malaria na kunyamaza. Jana mtu wa mtaa wa pili amelazwa, figo zimeanza kugoma.

— Mtu akiwahi, ni vidonge vya wiki moja tu, akasema. — Kuna mwenye kidonda cheusi hapa, kile anachoacha kupe?

Daktari akamfikiria mkewe, aliyebadilisha shuka lililolowa jasho mara mbili bila kuuliza, kwa kuwa alishaambiwa nani ni daktari nyumbani humo. Akakifikiria na kile kidole chake. Kisha akasimama, akalegeza mkanda.

— Naonyesha kwa faida ya sayansi tu.

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Breki alikuwa ameinama, anapandisha suruali. Nyuma ya goti palikuwa na kidonda, ndugu wa kile cha kiunoni, cheusi vilevile. Bei Poa hakunyanyuka.

— Changu, akasema taratibu, — kinahitaji pazia.

Dada akawatazama, akamtazama mbwa anayejikuna chini ya benchi, akatoa vijiti vitatu vya pamba vya kupimia vidonda.

— Wazee wangu, mnakaa pamoja kila siku. Kwa nini hamkuambiana?

Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Wote wakamgeukia Daktari. Kidole kikapanda chenyewe kwa mazoea, kikafika juu, kikashuka. Akakitumia kushikilia shati, dada apate kupima kidonda.