Mguu Huu ni wa Nani?

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Tingi. Nasikia kesho mnaanza kusomba mawe ya dispensari. Kabla hamjajitwisha, nisikilizeni mimi bibi wa Pande ninayechechemea.

Nilijikata na jembe shambani, kidonda kikageuka donda ndugu. Dispensari tulikuwa nayo, tumeijenga kwa mikono yetu. Dresa, mfunga vidonda wetu, kijana mpole, akafungua kabati: chumvi ya haluli ya kuharisha na chupa tupu.

"Mama, dawa ya vidonda imekwisha, na mimi sina ruhusa ya kuagiza. Dispensari ni ya liwali."

Mume wangu akaenda kwa liwali. Karani akamjibu, "Sisi tunamlipa dresa na kuezeka paa. Dawa ni za bwana daktari wa serikali."

Haya. Shemeji zangu wakanibeba kwa machela siku tatu mpaka hospitali ya serikali. Nikafungwa bendeji, nikaambiwa, "Ninyi mna dispensari yenu. Rudini mlete barua ya liwali."

Barua! Nawaambia, nililia kwa hasira kuliko maumivu. Mbona kodi wanaichukua bila barua?

Tukarudi. Barua haikuandikwa. Mguu ukanuka hata wanangu wakawa wanakula mbali nami, na watu wakasema huo ni wa kukatwa tu.

Siku moja liwali na daktari wakaja pamoja kukagua dispensari. Wameketi vitini, wanasifu chokaa ya ukuta! Nikajikokota mpaka mbele yao, nikafungua kitambaa. Liwali akaziba pua.

"Shikamooni, mabwana. Nyumba ni ya liwali, dawa ni za daktari. Mguu huu ni wa nani?"

Mume wangu akanivuta kanga: "Utatufungisha, mwanamke!"

Wakatazamana. Kisha daktari akainuka, akaagiza sanduku lake la dawa literemshwe garini. Siku ile ile, liwali akiwa papo hapo, dresa akapewa ruhusa ya kuagiza dawa mwenyewe. Mguu ukapona bila kukatwa.

Namshukuru Mungu, mume wangu, na shemeji zangu na mabega yao. Na zaidi yule dresa, aliyeniosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi wakati hana kingine cha kunipa.

Basi jengeni, ndugu zangu. Lakini kabla ya jiwe la kwanza, waiteni wote wawili, liwali na daktari, waketi benchi moja, waseme mbele yenu nani atajaza kabati. Akija mmoja peke yake, niiteni. Nitakuja na mguu wangu.